Baba, Mwana na Hesabu ya Seneti

Mwaka 1908 ulipokaribia ukingoni, wakili mmoja wa Cape Town alikuwa na kazi mbili mkononi, zote zikimtaka aende Natal. William Philip Schreiner, waziri mkuu wa zamani wa Koloni la Cape, alikuwa ameteuliwa kuwa mmoja wa wajumbe 12 wa koloni lake katika Mkutano wa Taifa, uliopangwa kufunguliwa Durban tarehe 12 Oktoba ili kuandika katiba ya nchi mpya ya Afrika Kusini. Wakati huohuo alikuwa amekubali kumtetea Dinuzulu kaCetshwayo, mrithi wa kiti cha wafalme wa Wazulu, aliyekamatwa Desemba 1907 kwa madai ya uhaini baada ya uasi wa Bambatha wa 1906. Kesi ingesikilizwa Greytown, mji mdogo upande wa kaskazini wa Pietermaritzburg. Schreiner akajiondoa katika ujumbe. Nafasi yake akapewa Walter Stanford, na Schreiner akaenda kusimama mahakamani kwa ajili ya Dinuzulu.

Naanza na mtu huyu kwa sababu historia ya namna Seneti ya Afrika Kusini ilivyopigiwa kura inapita katika nyumba yake mara mbili. Mara ya kwanza ilimkuta yeye. Mara ya pili, karibu miaka hamsini baadaye, ilimkuta mwanawe. Wote wawili walishindwa, na kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki.

Jengo walimokutania wajumbe lingali limesimama katikati ya jiji la Durban. Leo ni Posta Kuu, kwenye Mtaa wa Dr Pixley KaSeme, ambao zamani uliitwa West Street. Lilijengwa mwaka 1885 kuwa ukumbi wa mji, likabaki hivyo hadi 1910, pale Ukumbi wa Jiji wa sasa, ulioigwa kutoka ule wa Belfast, ulipofunguliwa hatua chache kutoka hapo. Ni jengo la nguzo na mnara wa saa, la kizazi cha wakoloni waliotaka kila anayeshuka melini ajue kwamba wamekuja kukaa. Kwenye ngazi zake Winston Churchill, akiwa kijana mwandishi wa habari aliyetoroka kifungo cha Makaburu Pretoria, aliuhutubia umati Desemba 1899.

Miaka tisa baada ya hotuba ile, Makaburu na Waingereza waliingia humo pamoja. Walikuwa wajumbe 30 wenye kura: 12 wa Cape, 8 wa Transvaal, watano wa Natal na watano wa Koloni la Mto Orange. Watatu wengine walitoka Rhodesia, nao walisikiliza na kusema bila kupiga kura. Majenerali Louis Botha, Koos de la Rey na Christiaan de Wet, waliopigana na jeshi la Uingereza hadi 1902, walikaa chumba kimoja na Leander Starr Jameson, aliyeongoza uvamizi ulioshindwa wa Transvaal mwishoni mwa 1895. Jan Smuts alikuwemo, na John X. Merriman, na Marthinus Steyn, rais wa mwisho wa jamhuri ya Makaburu ya Orange Free State. Kiti cha mwenyekiti alikikalia Jaji Mkuu wa Cape, Henry de Villiers. Milango ilifungwa. Waandishi wa habari hawakuruhusiwa, na waliokuwa nje walibaki kubahatisha.

Kukosa habari lilikuwa jambo dogo, maana walio wengi mjini humo walikosa hata sauti. Kama kilometa 25 kutoka ukumbini, kule Ohlange katika eneo la Inanda, John Langalibalele Dube alikuwa na shule aliyoianzisha mwenyewe na gazeti lake la Ilanga lase Natal, lililoanza mwaka 1903. Mitaa michache kutoka mlangoni, kwenye Grey Street, ambao leo unaitwa Mtaa wa Dr Yusuf Dadoo, Wahindi walikuwa na maduka na Msikiti wa Juma. Sheria ya Natal ya mwaka 1896 ilikuwa imewafungia mlango wa daftari la wapiga kura, na ni katika kuipinga hatua hiyo ilipokuwa bado mswada ndipo Mohandas Gandhi alipoanzisha chama cha Wahindi wa Natal mwaka 1894. Na ng'ambo ya bandari, upande wa Bluff, mahali paitwapo King's Rest, waliishi watu ambao msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuwakumbuka: Wazanzibari wa Durban. Wazee wao, wengi wao Wamakua, waliokolewa baharini kutoka majahazi ya watumwa, wakafikishwa Durban kupitia Zanzibar kuanzia Agosti 1873, wakaajiriwa kwa mikataba. Wakashika Uislamu wao na lugha yao. Katika ukumbi ule hakuna aliyewauliza hao Wazanzibari lolote, kama ambavyo hawakuulizwa Wazulu waliokuwa wenyeji wa nchi.

Basi waliokuwemo walikuwa na hofu gani, hata wakahitaji kanuni ngumu za kupigia kura? Walihofiana wao kwa wao. Natal, koloni dogo la Waingereza, liliogopa kumezwa. Wazungu wa migodini Johannesburg waliwaogopa wakulima wa Kikaburu mashambani, na wakulima nao waliogopa fedha za migodi. Serikali ya muungano mmoja, ambayo mkutano uliipendelea kuliko shirikisho, ingempa mwenye wingi nguvu nyingi mno. Wale wanaoelekea kuwa wachache walitaka mahali ambapo uchache wao ungehesabiwa.

Mahali hapo palikuwa Seneti, baraza la juu. Kila jimbo kati ya manne lingekuwa na maseneta wanane, dogo sawa na kubwa, jumla 32. Wengine wanane wangeteuliwa na gavana mkuu pamoja na mawaziri, wanne kati yao kwa sababu ya kile kilichoitwa ujuzi wao wa mahitaji ya watu wasio Wazungu. Seneta mwenyewe alitakiwa awe na asili ya Ulaya, asiwe chini ya miaka 30, na kama ni wa kuchaguliwa, awe na mali isiyohamishika ya thamani ya pauni 500. Wananchi wasingempigia kura. Angechaguliwa na wabunge wa jimbo hilo na wajumbe wa baraza la jimbo, wakiketi pamoja.

Uchaguzi wa namna hii una hatari yake. Wapiga kura wakiwa wachache na viti vinane vikigombewa kwa mkupuo, chama chenye nusu ya kura na moja ya ziada kinaweza kuzoa vyote. Ndiyo maana kifungu cha 134 cha sheria iliyozaliwa na mkutano ule kiliagiza kwamba maseneta wachaguliwe kwa uwakilishi wa uwiano, kila mpiga kura akiwa na kura moja inayohamishika.

Utaratibu huo haukubuniwa Durban. Carl Andræ, waziri wa fedha wa Denmark, aliuingiza katika sheria ya uchaguzi ya nchi yake mwaka 1855, na baadaye baraza la juu la Denmark likawa linachaguliwa kwa njia hiyo. Thomas Hare, wakili wa London, aliufikia kwa njia yake mwenyewe miaka hiyohiyo, na mwanafalsafa John Stuart Mill akautangaza kwa nguvu zake zote. Henry Droop akarekebisha hesabu ya kiwango cha ushindi mwaka 1868. Kisiwa cha Tasmania kiliupokea mapema. Transvaal nayo iliupitisha mwaka 1909 kwa uchaguzi wa madiwani wa Johannesburg na Pretoria, na Oktoba mwaka huo ukatumika, huku John Humphreys, katibu wa chama cha kutetea uwiano cha London, akisafiri hadi huko kusaidia.

Rasimu iliyotokana na vikao vya Durban, vilivyomalizika Novemba 5, na vya Cape Town, vilivyoendelea hadi Februari 3, 1909, ilikwenda mbali kuliko Seneti. Ilitaka hata wabunge wa baraza la chini wachaguliwe kwa uwiano, katika majimbo ya uchaguzi yenye wabunge watatu au zaidi. Ilipochapishwa Februari 9, Chama cha Maafrikana wa Cape chini ya Jan Hofmeyr kiliikataa sehemu hiyo, na bunge la Cape likaifuta. Wajumbe walikutana tena Bloemfontein mwezi Mei, wakakubali. Baraza la chini likarudi kwenye mtindo wa mbunge mmoja kila jimbo la uchaguzi, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Uwiano ukabaki kwenye Seneti na kwenye kamati tendaji za majimbo. Naliona hilo kuwa jambo zito, kwa sababu kanuni iliyobaki katika chumba kimoja tu cha nyumba ni rahisi kufukuzwa.

Natal ilikuwa koloni pekee lililowauliza wapiga kura wake moja kwa moja kuhusu Muungano. Juni 10, 1909 karibu robo tatu yao walisema ndiyo.

Hebu tutazame kwa karibu jinsi kura ilivyohesabiwa, tukitumia Natal yenyewe. Kwa mpango wa awali jimbo hilo lilikuwa na wabunge 17 katika baraza la chini, na baraza la jimbo la watu 25. Wapiga kura wa Seneti kwa hiyo walikuwa 42, idadi inayotosha chumba kimoja. Kila mmoja anapewa karatasi yenye majina ya wagombea. Anaandika 1 mbele ya anayempenda kuliko wote, 2 mbele ya anayemfuata, 3, na kuendelea kadiri anavyotaka. Hachagui watu wanane. Anachagua mmoja, kisha anaeleza kura yake iende wapi iwapo huyo mmoja haihitaji au hana tumaini.

Kwa kuwa karatasi ni chache, mahesabu hufanywa rahisi kwa kuipa kila karatasi thamani ya 100, kama wafanyavyo Wahindi hadi leo wanapochagua Rajya Sabha, baraza la juu la bunge lao, kupitia mabunge ya majimbo. Karatasi 42 zinakuwa 4,200. Ili kupata kiwango cha ushindi, unachukua 4,200, unagawa kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, yaani tisa, unapata 466 na kitu, kisha unapanda hadi namba nzima inayofuata: 467. Kiwango hiki ndicho kidogo kuliko vyote ambacho watu wanane wanaweza kukifikia lakini wa tisa hawezi.

Sasa tuseme kwa mfano kwamba mgombea mmoja maarufu amewekewa 1 katika karatasi tisa. Ana 900. Anahitaji 467 tu. Ziada ya 433 ingepotea katika uchaguzi wa kawaida. Hapa inarudi kwa wenyewe. Karatasi zake tisa zinahamia kwa waliowekewa 2, kila moja ikiwa na thamani ya 48, kwa sababu 433 ukigawa kwa 9 unapata 48 na sehemu ndogo inayoachwa. Kama wote tisa walikuwa na mtu mmoja wa pili, mtu huyo anapokea 432, na anakosa 35 tu. Ziada zikiisha na viti bado vipo, mgombea wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinaenda kwa wanaofuata. Hivyo hivyo, hadi viti vyote vijae.

Tuseme pia kwamba wapiga kura hao 42 wamegawanyika katika vyama vitatu: 27, 10 na 5. Kwa kura ya wengi kushinda, wenye 27 wangechukua maseneta wote wanane. Kwa kura inayohamishika, wenye 27 wana 2,700, inayotosha viwango vitano kamili. Wenye 10 wana 1,000, viwango viwili. Wenye watano wana 500, kiwango kimoja na chenji. Tano, mbili, moja. Watu watano katika chumba cha 42, wakishikamana, wanamtuma mtu wao Cape Town, na wenye wingi hawana njia halali ya kumzuia.

Ni hesabu nzuri, na uzuri wake unaniuma ninapofikiria ilikoandikiwa. Watu watano wa Natal walihakikishiwa seneta. Wakazi wengi wa Natal hawakuhesabiwa kabisa.

Schreiner alilisema hilo waziwazi. Kesi ya Dinuzulu iliisha Machi 1909. Mashtaka makubwa yaliporomoka, lakini Dinuzulu alihukumiwa miaka minne kwa kuwahifadhi waasi. Mwezi huohuo Waafrika kutoka makoloni yote manne walikutana Bloemfontein kupinga rasimu. Katikati ya mwaka Schreiner alipanda meli kwenda London, akiongoza ujumbe wa kuiomba Uingereza iondoe ubaguzi wa rangi katika sheria ya Muungano. Pamoja naye walikuwa Walter Rubusana, John Tengo Jabavu, Thomas Mapikela na daktari Abdullah Abdurahman wa Cape Town. Dube naye alikuwa London kipindi hicho, na Gandhi pia, kwa ajili ya Wahindi wa Transvaal. Bunge la Uingereza likapitisha sheria bila kugusa kizuizi cha rangi. Mfalme aliidhinisha Septemba 20, 1909, na Muungano ukaanza Mei 31, 1910. Botha, waziri mkuu mpya, alimtoa Dinuzulu gerezani, lakini hakumrudisha kwao. Alifariki mwaka 1913 kwenye shamba la Transvaal.

Seneti ya kwanza ilichaguliwa na mabunge ya makoloni kabla hayajavunjwa, ikadumu miaka kumi. Baada ya hapo majimbo yalichukua zamu, na kura inayohamishika ikafanya kazi yake kimyakimya. Mwaka 1936 Waafrika wa Cape waliondolewa katika daftari la pamoja, wakapewa kama fidia maseneta wanne Wazungu wa kuwasemea nchi nzima. Wa Natal na Zululand alikuwa Edgar Brookes, mkuu wa chuo cha Adams kilichoko kusini ya Durban, chuo ambamo Albert Luthuli alisoma na kufundisha. Brookes aliingia Seneti mwaka 1937. Alikuwa mtu mwema, na sauti moja ya wema katika baraza la watu 44 haikubadilisha sheria.

Halafu ukaja mwaka 1948, na Chama cha National kikashika serikali. Kilitaka kuwaondoa katika daftari la pamoja wapiga kura wa asili mchanganyiko wa Cape. Haki yao ilikuwa imelindwa na sheria ileile ya 1909: ili kuigusa, mabaraza mawili yalitakiwa kuketi pamoja na kupata theluthi mbili ya wajumbe wote. National hawakuwa nazo. Walipitisha sheria kwa wingi wa kawaida mwaka 1951. Machi 1952 Mahakama ya Rufani ya Bloemfontein ikaibatilisha. Wakaunda mahakama ya wabunge wenyewe ili iwe juu ya majaji, nayo ikabatilishwa.

Ndipo walipoikumbuka Seneti. Kama theluthi mbili haipatikani kwa wajumbe waliopo, wajumbe wanaweza kuongezwa. Sheria ya Seneti ya 1955 ilipanua baraza kutoka watu 48 hadi 89, ikaondoa usawa wa majimbo, na ikafuta kura inayohamishika. Kwa utaratibu huo mpya chama chenye wingi katika jimbo kilichukua viti vyote vya jimbo hilo. Wale watu watano katika chumba cha 42 hawakuwa na kitu tena. Katika Seneti mpya National walikuwa na watu 77 kati ya 89.

Mahakama ya Rufani nayo ilikuwa imepanuliwa, kutoka majaji watano hadi 11 kwa kesi za aina hiyo. Wanawake Wazungu walioandamana na kusimama kimya barabarani, wakiwa wamejifunga utepe mweusi begani kuomboleza katiba, walianzisha wakati huo chama kilichokuja kujulikana kama Black Sash. Hawakuizuia sheria. Mwaka 1956 mabaraza mawili yaliketi pamoja, theluthi mbili ikapatikana, na wapiga kura wa Cape wakaondolewa.

Kesi ya kuipinga hatua hiyo iliamuliwa Bloemfontein Novemba 1956. Majaji kumi walisema Bunge lilikuwa na uwezo wa kuunda Seneti litakavyo, na nia yake haikuwahusu. Jaji mmoja alikataa. Alisema, kwa ufupi, kwamba baraza lililotengenezwa kwa madhumuni ya kupata theluthi mbili si lile baraza ambalo waandishi wa sheria walilikusudia walipodai theluthi mbili. Jaji huyo alikuwa Oliver Deneys Schreiner, mwana wa William Philip, yule aliyeacha kiti chake Durban akaenda Greytown.

Nafasi ya Jaji Mkuu ilipokuwa wazi mwaka uliofuata, na tena mwaka 1959, alirukwa mara zote mbili. Baba yake hakuishi kuyaona. Alifariki mwaka 1919 akiwa balozi wa Afrika Kusini mjini London. Lakini naamini mtu anayejua yaliyotokea 1908 atausoma uamuzi wa mwana kama mwendelezo wa kazi ya baba. Baba alipinga katiba iliyowahesabu wachache vizuri na kuwasahau wengi. Mwana alipinga kuvunjwa hata kwa kile kidogo ambacho katiba hiyo ilikilinda.

Wazanzibari wa King's Rest walipata sehemu yao ya miaka hiyo. Chini ya sheria ya kutenga maeneo kwa rangi waliondolewa Bluff wakapelekwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi, baada ya serikali kuwabadilishia kundi la rangi zaidi ya mara moja na mwishowe kuwaandika Waasia wa aina nyingine. Misikiti yao iko huko hadi leo.

Seneti ilipunguzwa mwaka 1960, na mwanzoni mwa 1981 ikafutwa kabisa. Wachache waliiomboleza.

Kanuni ya uwiano ilirudi kwa mlango mwingine. Katika mazungumzo ya Kempton Park ya 1993 vyama vilikubaliana kwamba nchi nzima ipige kura kwa orodha za vyama, na viti vigawanywe kwa kadiri ya kura. Natal ndiko hofu ilikokuwa kubwa kuliko kwingine. Wafuasi wa vyama vya ANC na Inkatha walikuwa wamepigana kwa miaka, na Inkatha ilikubali kuingia katika uchaguzi wiki moja tu kabla. Aprili 27, 1994 Nelson Mandela alikwenda kupiga kura yake ya kwanza maishani huko Ohlange, katika shule ya Dube, akasimama pia mbele ya kaburi la mwanzilishi huyo. Kati ya shule zote za nchi alichagua ile. Dube alikuwa rais wa kwanza wa ANC, chama cha Mandela, kilichoanzishwa mwaka 1912 kwa wito wa Pixley kaIsaka Seme, mtu ambaye jina lake sasa liko kwenye kibao cha mtaa wa Posta Kuu.

Seneti mpya ya 1994 ilikuwa na watu 90, kumi kwa kila jimbo kati ya majimbo tisa, vyama vikiwateua kwa kadiri ya viti vyao katika bunge la jimbo. Februari 1997 ikawa Baraza la Kitaifa la Majimbo, nalo limebaki na watu kumi kwa jimbo: sita wa kudumu na wanne wanaobadilika kulingana na mjadala.

Nchi za Kiswahili nazo zimejaribu njia mbalimbali. Seneti ya kwanza ya Kenya, ya 1963 hadi 1966, ilikuwa na mshindi mmoja kila wilaya. Ya sasa ina 47 wa kaunti wanaochaguliwa hivyohivyo, na wanawake 16 wanaotoka katika orodha za vyama kwa uwiano wa viti vilivyoshindwa. Tanzania haina baraza la juu, ila hugawa viti maalumu vya wanawake kwa uwiano wa kura za vyama vilivyopata angalau asilimia tano. Kongo inafanana zaidi na mpango wa Durban: maseneta wake wanachaguliwa na mabunge ya majimbo kwa uwiano. Machi 2019 Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kwa muda kuapishwa kwao kwa sababu ya madai kwamba kura za wabunge wa majimbo zilinunuliwa. Wapiga kura wakiwa wachache, kila karatasi huwa na bei.

Natal yenyewe, ambayo leo ni jimbo la KwaZulu-Natal, ilitoa mfano mpya mwaka 2024. Katika uchaguzi wa Mei, bunge la KwaZulu-Natal lenye viti 80 liligawanyika hivi: chama cha MK cha Jacob Zuma 37, Inkatha 15, ANC 14, DA 11, EFF viwili, NFP kimoja. Katiba inasema zidisha viti vya chama kwa kumi, kisha gawa kwa viti vyote ukiongeza kimoja, yaani 81. MK inapata 4 na nukta 57. Inkatha 1 na nukta 85. ANC 1 na nukta 73. DA 1 na nukta 36. EFF na NFP hawafiki hata kimoja. Namba nzima zinatoa wajumbe saba. Watatu waliobaki wanakwenda kwa wenye sehemu kubwa zaidi: Inkatha, ANC, kisha MK. Jumla MK watano, Inkatha wawili, ANC wawili, DA mmoja.

MK wanachukua nusu ya ujumbe wa jimbo. Lakini miswada inayohusu majimbo haipigiwi kura na wajumbe mmoja mmoja katika baraza hilo. Kila jimbo lina kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe kwa maelekezo ya bunge la jimbo. Na bunge la KwaZulu-Natal, Juni 14, 2024, lilimchagua Thami Ntuli wa Inkatha kuwa waziri mkuu wa jimbo kwa kura 41 dhidi ya 39. Kwa hiyo katika miswada hiyo wajumbe watano wa MK wanaweza kuketi, kusema na kushawishi, lakini kura moja ya jimbo lao inafuata upande wa wenye wingi katika bunge hilo.